Kutaka Mbali, Kufurahi Mbali

Jamaa akimleta mgonjwa wake kliniki ya afya ya akili, iwe Kidongo Chekundu mjini Unguja au kwenye chumba kimoja cha hospitali ya wilaya kule Pemba, maneno mawili hutangulia hata kabla ya jina: "Hataki tu." Hataki kuoga. Hataki kwenda kazini. Hataki kuacha unga, yaani heroini. Hataki dawa. Anayesema hivyo huwa amechoka, na mara nyingi ndiye anayempenda mgonjwa kuliko wote. Baada ya miaka ya kuyasikia maneno hayo, somo tulilolipata ni kwamba kutaka nako kuna mtambo wake ndani ya ubongo. Mtambo huo huharibika, na unavyoharibika kwa mwenye sonona sivyo unavyoharibika kwa mwenye skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wala kwa mtu wa unga. Dhiki inaugusa kwa wote watatu.

Neno dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana habari kwayo, siku hizi limo midomoni mwa watu, na karibu kila anayelitaja huliita "homoni ya furaha". Jina hilo limewapotosha wengi. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz aliwatazama kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi huku seli zao za dopamini zikisikilizwa moja moja, na hesabu aliyoichapisha na wenzake mwaka 1997 inaelezeka kwa dema, mtego wa samaki, kuliko kwa juisi. Chukua mvuvi wa Chwaka anayetega dema mahali papya. Hatarajii kitu, anavuta, anakuta tasi 10. Seli zile zinapiga kwa kasi. Akirudi pale pale siku baada ya siku, na tasi wakawa 10 kila siku, zinanyamaza anapofungua dema. Sasa zinapiga mapema, pale anapoliona boya lake. Siku moja boya lipo, kamba ipo, dema tupu: seli zinashuka chini ya mapigo yao ya kawaida, tena wakati ule ule samaki walipotazamiwa. Dopamini, basi, inahesabu pengo baina ya ulichotazamia na ulichopata, na kwa hesabu hiyo inakufundisha pa kurudi.

Kufurahi kwenyewe kuna njia nyingine. Kent Berridge na wenzake huko Marekani waliwachunguza panya walioondolewa dopamini karibu yote. Chakula kipo mbele yao, hawakili; wasingelishwa wangekufa njaa. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni walijilamba kama panya mzima. Utamu waliusikia, mguu wa kuufuata ndio uliokosekana. Hapo lipo jibu la swali tunaloulizwa kila wiki: "Mbona akiletewa sahani anakula, kwenda jikoni kuichukua hataki?" Kutaka mbali, kufurahi mbali.

Sasa dhiki. Ukishtuka, sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo hipothalamasi huipa amri tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage kotisoli, homoni ya dhiki. Kiwango chake hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, kisha kotisoli yenyewe hurudi kuuambia ubongo: basi, imetosha. Mtambo huu hauna ubaya. Mtu aliyekoswa na gari pale Darajani anauhitaji. Unaposhindwa ni kwenye dhiki isiyo na mwisho wala mpini wa kuishikia: deni la duka, ndoa inayoning'inia, mume aliye Oman ambaye simu yake hupatikana siku akitaka mwenyewe. Breki hulegea, kotisoli haishuki vizuri usiku ilhali usiku wa manane ndipo inapotakiwa iwe chini kabisa, na usingizi hukatika.

Mwaka 1987 Paul Willner na wenzake, Uingereza, walionyesha mwisho wa njia hiyo kwa panya waliotiwa kero ndogo ndogo. Leo malalo yanamwagiwa maji, kesho kizimba kinainamishwa, keshokutwa taa inawaka usiku kucha, siku nyingine analetwa mgeni kizimbani. Baada ya wiki kadhaa panya walipunguza kunywa maji matamu waliyokuwa wakiyapenda. Walipopewa dawa ya sonona hamu ilirudi, lakini ilichukua wiki, si siku. Hakuna kero hata moja kati ya hizo inayotosha kumliza mtu. Kinachomaliza ni mfululizo, na kutojua ipi inafuata. Nyumba zetu nyingi zina kizimba cha namna hiyo na hakuna aliyekikusudia.

Kwa mwenye sonona, tunachokifanya kabla ya vidonge, na pamoja na vidonge, ni kulitengeneza lile pengo la tazamio. Chagueni kitu kimoja kidogo mno, chenye saa yake, kilichofungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo: baada ya Alfajiri kufungua mlango wa nyuma na kufagia ua dakika 5, au baada ya Alasiri kukuna nazi moja. Moja, si tatu. Kabla ya kuanza, mgonjwa ataje nambari kutoka 0 hadi 10: nitaliona jambo hili zuri kiasi gani? Akimaliza, ataje nyingine: limekuwaje? Daftari la skuli linatosha. Mara nyingi ya kwanza huwa 1 na ya pili 3. Zile 2 zilizozidi ndizo tasi wasiotazamiwa, na ndizo zinazoufundisha ubongo upya. Kusubiri hamu ije kwanza ndipo mtu atende ni kusubiri chombo bandari isiyo yake.

Kinachoharibu kazi hii tunakijua, maana tumeshakiona mara nyingi. La kwanza ni watu wa nyumbani kuchagua jambo kubwa: wanampeleka harusini siku tatu ili "achangamke", anarudi amevunjika kuliko alivyokwenda. La pili ni baya zaidi, na husemwa kwa nia njema kabisa. Mgonjwa amefagia ua, wifi anapita, anasema: "Kumbe unaweza! Siku zote ulikuwa unajitia." Pale pale tunda limegeuka hasara. Ubongo uliotazamia 1 umepata chini ya sifuri, na kesho fagio halishikwi. Aliyeona ua umefagiwa aseme "ahsante, mwanangu", apite.

Vidonge navyo vina saa zake. Fluoksetini miligramu 20 humezwa asubuhi kwa sababu usiku hufukuza usingizi. Amitriptilini huanza kwa 25 usiku kwa sababu hulaza, kisha hupandishwa taratibu. Kinywa kukauka, choo kuwa kigumu na kizunguzungu cha kuinuka huja siku za mwanzo. Nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi iliyokamilika hupewa kama wiki 6 kabla ya kusema imeshindwa. Wiki ya pili, basi, ndiyo wiki ya kuvunja moyo: madhara yameshafika, faida bado iko njiani. Mwambieni mgonjwa hivyo siku ya kwanza, siyo siku anaporudisha pakiti. Akipona, dawa inaendelea miezi 9 hadi 12. Na ikiwa amewahi kutamka kuwa amechoka kuishi, asikabidhiwe amitriptilini ya zaidi ya wiki moja, tena akae nayo mtu mwingine, kwa kuwa vidonge vya wiki chache vikimezwa kwa pamoja vinaweza kuusimamisha moyo.

Skizofrenia hupinda mtambo upande wa pili. Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kuwa wagonjwa wengi hutengeneza dopamini kupita kiasi katika eneo lililo katikati ya ubongo, na Shitij Kapur alieleza vizuri mwaka 2003 hilo linamfanyia nini mtu: kila kitu kinapigiwa muhuri wa "hili lina maana, hili linakuhusu". Kunguru anatua ukutani. Zanzibar kunguru hawana idadi, kutua kwake si habari. Lakini kwa kijana ambaye seli zake zinapiga bila sababu, kunguru yule ametumwa. Kesho redio ya jirani inamtaja. Keshokutwa anajua nani aliyemtuma. Sababu anayoitoa huitoa katika yale aliyolelewa nayo: jini, hasidi, polisi, simu. Uongo haupo hapo. Anajaribu kuueleza muhuri alioukuta umeshapigwa.

Kwa kuwa dhiki humwaga dopamini zaidi, nyumba ni sehemu ya dozi. George Brown na wenzake huko London, walipowafuata wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali, waliona kuwa waliorudi kwenye nyumba za lawama, uadui au kushikwashikwa kupita kiasi walirudiwa na ugonjwa zaidi ndani ya miezi 9. Katika tafiti hizo za miaka ya 1970, hatari ilizidi kwa wanaokabiliana uso kwa uso na ndugu mwenye lawama zaidi ya saa 35 kwa wiki. Saa 35 ni saa 5 kwa siku. Kwa vile huwezi kuibadilisha tabia ya shangazi kwa wiki moja, punguza saa. Baraza la kahawa Alasiri, duka la mjomba asubuhi, kulala kwa bibi yake siku mbili: hii ni tiba, ingawa haiandikwi kwenye karatasi ya dawa. Anayezungumza naye awe mmoja kwa wakati, sentensi fupi. Juu ya kunguru msibishane wala msikubaliane. "Naona umeogopa. Mimi simwoni kama unavyomwona, lakini nipo hapa." Inatosha.

Kisomo hatugombani nacho. Aya zinazosomwa kwa sauti ya upole humtuliza mtu, na kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, halimdhuru anayekunywa huku dawa zake zikiendelea. Tunachokipinga ni mambo manne tu: kuambiwa aache vidonge, kufungwa minyororo, kupigwa ili pepo atoke, na kukeshwa. La mwisho watu hulidharau, nalo huharibu haraka, maana usiku mzima bila usingizi kwa mwenye ugonjwa huu ni mafuta juu ya moto.

Hapa pana jambo lililotupotezea wagonjwa wengi kuliko jingine lolote, nalo ni shingo. Haloperidoli, dawa ya skizofrenia iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, hufunga vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayoipokea. Ili sauti zipungue, asilimia 65 hivi ya vipokezi huhitaji kufungwa. Zikipita 80, mwili huanza kukakamaa. Njia hiyo ni nyembamba. Shida ni kwamba dopamini haikai njia moja. Kuna ile ya maana na tazamio, kuna inayokwenda mbele ya ubongo, kuna inayoongoza misuli, na kuna inayozuia maziwa yasitoke. Dawa huzifunga zote, haichagui.

Basi kijana ameanza vidonge Jumatatu. Jumatano usiku macho yanapanda juu na hayashuki, shingo inapinda upande, ulimi mzito, taya limekaza. Akili yake iko timamu, anasikia kila kitu, ameogopa sana. Nyumba nzima inapiga kelele: kapandisha! Anapelekwa kwa mganga, naye humwambia kuwa dawa za hospitali zimemkasirisha jini. Zikiachwa, shingo inanyooka yenyewe baada ya siku moja au mbili, na mganga amethibitika. Miezi miwili baadaye ugonjwa umerudi mzima mzima, na safari hii hakuna atakayemshawishi mama mtu kuhusu kidonge.

Ukakamavu huo unatokana na ile njia ya ubongo inayoongoza misuli kufungiwa dopamini. Huja zaidi siku 4 au 5 za mwanzo, na zaidi kwa vijana wa kiume. Mpelekeni kituo cha afya usiku ule ule. Sindano ya kulegeza huanza kumnyoosha ndani ya nusu saa, na jamaa wakishuhudia kwa macho yao huwa hawasahau. Akishindwa kumeza au kupumua, msisubiri hata usafiri wa kawaida. Benzheksoli ndiyo dawa inayotolewa kuzuia hali hii. Ikae kwa mtu mzima, maana vijana huimeza kwa ulevi. Homa kali pamoja na mwili mgumu na kuchanganyikiwa ni jambo jingine kabisa. Kwetu kila homa huitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye kutumia dawa hizi akiwa na homa na ugumu, vidonge visimame na aende hospitali saa ile ile.

Miguu isiyotulia nayo huwadanganya hata wahudumu. Mgonjwa anakaa, anasimama, anazunguka ua, hawezi kumaliza rakaa bila kubadilisha mguu. Jamaa wanasema ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa, miguu inazidi. Muulizeni yeye: je, mtetemo uko kichwani au miguuni? Akionyesha miguu, dozi ishushwe. Na mwanamke asiyepata hedhi, maziwa yanamtoka, asihukumiwe mimba mtaani. Apimwe mimba kwanza. Ikiwa hakuna, ni njia ile ya nne iliyofungwa.

Sindano ya mwezi, flufenazini ya mafuta, miligramu 25 kwa kawaida, ina mtego wake. Mafuta hutoka msulini polepole mno. Mtu akiacha sindano anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akiwa mzima, na nyumba nzima ikasema: unaona, hakuhitaji. Ugonjwa unaporudi, hakuna anayekumbuka tarehe ya sindano ya mwisho. Iandikeni ukutani, karibu na kalenda ya sala.

Kwa mtu wa unga, kwanza tutenganishe arosto na yanayofuata. Arosto huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, machozi, kamasi, malaika kusimama, tumbo kuendesha, mifupa kutwanga. Kilele ni siku ya pili na ya tatu, na kufikia siku ya 7 mwili umetulia. Familia inashangilia. Kumbe kazi ndiyo kwanza imeanza, maana unga ulikuwa ukiiondoa breki ya seli za dopamini kila siku, na ubongo ulijibu kwa kupunguza vipokezi na kuinua kemikali za dhiki. Kwa miezi, chai haina ladha, mpira wa jioni hauna ladha, mtoto wake mwenyewe anamtazama tu. Halafu anapita kwenye uchochoro aliokuwa akinunulia, na seli zinapiga kwa uchochoro, kama zilivyopigia boya. Kutaka kumebaki juu, kufurahi hakupo tena. Watumiaji wenyewe husema wazi: siku hizi navuta nisiumwe.

Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga, hukata kupanda na kushuka huko kwa kukaa mwilini zaidi ya siku. Siku ya kwanza hupewa miligramu 10 hadi 30, hupandishwa polepole, na wengi hutulia baina ya 60 na 120. Dozi ile ile ikinywewa kila siku, kiasi chake katika damu huendelea kupanda kwa siku 5 hivi. Anayesema siku ya tatu "haishiki" akajiongezea kete au valiamu, usiku wa nne anaweza asiamke. Aliyekosa siku 3 mfululizo aseme kweli dirishani, maana dozi yake ya zamani sasa ni kubwa. Ndivyo ilivyo kwa anayetoka nyumba ya upataji nafuu au jela: mwili umesahau, mkono unakumbuka. Mkoromo mzito usioamshika, mboni ndogo kama ncha ya sindano, midomo ya bluu, huo si usingizi. Mlazeni ubavu, mpeni pumzi mkijua namna, na kimbieni penye naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni.

Kamari nayo huushika mtambo huo huo. Vijana huita tiketi ya kubeti "mkeka", na mkeka uliochanwa na timu moja tu huuma na kuvuta kuliko uliochanika wote, kwa sababu ubongo huuhesabu kama karibu kupata. Anayedhani hiyo ni tabia tu akumbuke kuwa baadhi ya wazee wanaopewa dawa za kuamsha vipokezi vya dopamini kwa ugonjwa wa Parkinson huanza kamari ambayo hawakuicheza maisha yao yote, na dawa ikipunguzwa huiacha.

La mwisho ni Ramadhani, na lipangwe na kliniki kabla mwezi haujaandama. Dawa ya mara mbili hugawanywa futari na daku. Nyingine zinaweza kuwekwa zote usiku. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), aulize kwanza kama afunge, maana mwili ukikauka dawa hupanda kwenye damu: kutetemeka sana, kutapika, kuyumba ni dalili za kuacha na kwenda kupimwa. Kwa mwenye baipola, njaa si tatizo kubwa kama usingizi. Tarawehe asali, lakini apate saa 4 za mfululizo kabla ya daku na usingizi mwingine baada ya Adhuhuri, na daftari liandikwe saa alizolala. Kumi la mwisho ndipo wengi hupanda. Akilala chini ya saa 4 usiku mmoja na asubuhi hana uchovu, mwambieni muuguzi siku hiyo hiyo. Usiku wa pili ukiwa hivyo, macho yanang'ara, maneno yanakimbizana, anataka kuuza shamba la karafuu ajenge msikiti, huyo msingoje Idi.